Kitenzi Kimoja Katika Wimbo wa Harusi: Kisa cha Tanga

Kisa hiki kilianzia barazani kwa dada yangu, Ngamiani, wiki tatu kabla ya harusi ya mpwa wangu, jioni ambayo kamati ilikuwa ikipanga ratiba ya hafla ya usiku. Bwana harusi alikuwa ameomba jambo moja tu katika ratiba nzima, nalo ni kwamba yeye na mkewe waingie ukumbini kwa wimbo wa roki wa Kiingereza, "Every Breath You Take" wa bendi ya Uingereza iitwayo The Police. Hakuna aliyepinga. Wajumbe wengi waliujua wimbo huo kwa sauti yake, kwa kuwa umekuwa ukipigwa redioni tangu mwaka 1983, na walikubaliana kwamba ni wimbo mpole wa mapenzi. Kwa kuwa kazi yangu ni kutafsiri nyaraka kati ya Kiingereza na Kiswahili, niliulizwa, kwa kutimiza wajibu tu, kama maneno yake hayana matusi. Nilijibu kwamba hayana, nikaongeza kuwa kiitikio kinasema "kila pumzi uvutayo, kila hatua upigayo, nitakuwa nikikuangalia." Wajumbe walifurahi, katibu akaandika, tukaendelea na hesabu za chakula.

Nilikosea, na kosa hilo ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu. Aliyelibaini hakuwa mtu wa Kiingereza. Alikuwa somo, yaani kungwi, wa bibi harusi, mama mtu mzima aliyelelewa na taarabu na ambaye hakuhudhuria kikao kile. Siku mbili baadaye aliniita nyumbani kwake, nikamwamkia, akaniuliza swali moja kabla hata sijaketi vizuri: "Mwanangu, huyo anayeimbiwa yuko naye, au kamwondokea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo kwa zaidi ya miaka 20, nilikuwa nimewatafsiria wenzangu kiitikio chake bila kusita, na bado sikuweza kusema kwa uhakika kama watu wawili waliomo ndani yake wanaishi pamoja au wametengana.

Mtu asiyelelewa katika mazingira ya taarabu anaweza kuliona swali la somo kuwa dogo, lakini kwa watu wa Tanga si dogo hata kidogo. Mji huu ndio uliozaa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa taarabu magitaa na besi pale ambapo wengine walitegemea kundi kubwa la fidla na udi, na ndio mji uliomsikiliza Bi Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, akiimba mambo mazito kwa sauti ya upole. Msikilizaji wa taarabu hajifunzi kuuliza neno hili lina maana gani, maana maneno yenyewe huwa ni ya kawaida, ya ndege, ya maua, ya bahari na ya chakula. Anajifunza kuuliza wimbo unatoka kwa nani kwenda kwa nani, na ni jambo gani limetokea baina yao hata ikabidi uimbwe. Ndivyo ilivyo kwa kanga pia. Jina lile lile la kanga huwa zawadi likitoka kwa mume, na huwa vita likivaliwa na jirani anayepita mbele ya mlango wako mara tatu kwa asubuhi moja. Somo aliuchukua wimbo wa Kiingereza akauuliza maswali ambayo angeuuliza wimbo wowote, na kwa kufanya hivyo alitutangulia sisi sote tuliodhani kwamba kujua Kiingereza kunatosha.

Nilirudi nyumbani nikaketi na daftari, nikausikiliza wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikisimamisha kila mstari. Nitaeleza nilichokikuta kwa utaratibu ule ule nilioufuata, ingawa sehemu nyingine hazikunichukua muda na nyingine zilinikesha.

Mahali pa kwanza nilipokwama ni kitenzi chenyewe. Kiingereza kinatumia neno watch, ambalo likiongezewa kijineno kingine huweza kuwa la ulinzi na malezi, lakini mtunzi hakuliongezea kitu. Kilichobaki ni kumkazia mtu macho bila kuyabandua. Kiswahili, kwa upande wake, kilinipa neno lililonipotosha kwa sababu ya utajiri wake. Mama anayekwenda dukani humwambia jirani "niangalizie mtoto," na hapo kuangalia ni kutunza. Mgonjwa huangaliwa, wazazi wakizeeka huangaliwa, nyumba ya msafiri huangaliwa. Anayekaribia kukanyaga msumari huambiwa "angalia!", na hapo ni kujihadhari. Na baba aliyeudhika akimwambia kijana wake "nakuangalia tu," kijana anayeijua lugha hukaa sawa mara moja, kwa kuwa anaelewa kwamba makosa yake yanahesabiwa na siku ya malipo inakuja. Niliposema barazani kwamba mwimbaji atakuwa akimwangalia mpenzi wake, kila mjumbe alichagua mwenyewe maana aliyoitaka, na kwa kuwa tulikuwa tukipanga harusi, wote walichagua ile ya kutunza. Sikuwa nimekosea kamusi. Nilikuwa nimetoa neno lenye milango mitatu kwa watu waliokuwa wamekwisha kusimama mbele ya mlango mmoja.

Nilijaribu maneno mengine. Kutazama ni sahihi lakini ni jepesi mno, kwa sababu hata mpita njia hutazama. Kulinda kunatia wema ambao bado sikuwa nimeuona katika maandishi. Kuvizia kunatia kificho, na mwimbaji huyu hajifichi. Anamwambia mhusika waziwazi, tena kwa kurudiarudia, kwamba macho yako juu yake. Kuchunga kulinivutia kwa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu mchungaji wa mbuzi hutunza na pia humiliki, na mbuzi hana kauli juu ya anakokwenda. Hata hivyo neno hilo linamhukumu mwimbaji kabla msikilizaji hajapewa nafasi ya kumsikiliza, na mimi naamini mfasiri hana haki ya kutoa hukumu hiyo mapema. Mwishowe niliandika "macho yangu hayatabanduka kwako." Maneno hayo mpenzi anaweza kuyapokea kwa tabasamu, na pia yanaweza kumfanya afunge dirisha. Ukimsikiliza mwimbaji kwa makini, hivyo ndivyo alivyo.

Baada ya kitenzi nilifuata orodha ya mambo yanayotazamwa, na hapo shaka yangu ilianza kuwa uhakika. Pumzi, mwendo na hatua ni mambo ambayo mpenzi yeyote anaweza kuyapenda. Lakini orodha haiishii hapo. Mwimbaji anasema atatazama kila fungamano linalokatwa, kila mchezo unaochezwa, kila usiku mwenziwe anaokaa. Mbele zaidi anataja kila nadhiri inayovunjwa na kila tabasamu la kuigiza. Hakuna kati ya hayo linalosemwa kwa mtu unayemwamini. Hizo ni tuhuma zilizopangwa kwa vina vizuri, na kwa kuwa kila moja imetanguliwa na neno "kila," sikio linazipokea kana kwamba ni mwendelezo wa zile pumzi na hatua za mwanzo. Nilifikiria vijana wawili waliotoka kufunga ndoa mchana huo huo, wakitembea taratibu kati ya meza, huku spika zikitangaza nadhiri zinazovunjwa, nikaona aibu kwamba mimi ndiye niliyekiambia kikao kuwa hakuna tatizo.

Kuna mstari mmoja mfupi ambao nadhani ndio ufunguo, nao ni ule unaosema kwamba moyo wake maskini unauma kwa kila hatua mwenziwe anayopiga. Hatua za mtu anayekuja kwako haziumizi. Zinazouma ni za anayekwenda zake. Kabla tu ya mstari huo mwimbaji anamuuliza mwenziwe kama haoni kwamba yeye ni mali yake, na hapa tena Kiswahili kinahitaji uangalifu, kwa sababu "wewe ni wangu" kwetu ni maneno ya kubembeleza, tunayasema kwa mtoto, kwa mgeni na kwa rafiki. Kiingereza cha wimbo kinatumia kauli ya umiliki, ile inayotumika kwa kiwanja au baiskeli. Niliandika "huoni kwamba wewe ni milki yangu?" ili msomaji asipite haraka.

Jibu la swali la somo lilikuwa katikati ya wimbo, katika sehemu ambayo sauti ya muziki inabadilika na mwimbaji anaacha kuhesabu mambo ya mwenziwe, anaanza kujieleza yeye. Anasema kwamba tangu mwenziwe aondoke amepotea, usiku akiota anaona uso wake tu, akitazama huku na huku haoni wa kuziba pengo, anasikia baridi na anatamani kukumbatiwa. Kwa hiyo kamwondokea. Wakati kiitikio cha kwanza kinaanza, yule anayeimbiwa alikuwa amekwisha kwenda, na wimbo mzima unatoka kwa mtu aliyeachwa, anayeapa kwamba kuachwa kwake hakutamzuia kuendelea kuhesabu hatua za aliyemwacha. Sehemu hiyo ni fupi, inakuja baada ya masikio kukwisha kulainishwa, na wengi wetu tunaisikia kama kilele cha mahaba. Maumivu yake ni ya kweli, na sitaki kuyadharau. Ila maumivu ya aliyeachwa hayamgeuzi kuwa mlinzi wa aliyeondoka.

Mtu anaweza kuuliza inawezekanaje mamilioni ya watu, wakiwemo wenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho, wakapitwa na jambo lililo wazi namna hii. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye muziki. Gitaa la Andy Summers, mpiga gitaa wa The Police, linatembea taratibu, noti moja moja, bila kupanda wala kushuka ghafla, na mpangilio wa kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, unafanana na ule wa nyimbo za mapenzi za miaka ya 1950, ambao umelizoesha sikio kutarajia bembelezo. Kwa watu wa Tanga hili halipaswi kuwa geni. Bi Shakila aliimba wimbo unaoitwa "Macho Yanacheka," na jina hilo peke yake linatosha kumtahadharisha msikilizaji kwamba kinachoonekana usoni si lazima kiwe ndicho kilichoko moyoni. Tofauti ni kwamba katika taarabu tunajua kuwa ulaini wa sauti ni sehemu ya fumbo, na kwa hiyo sauti ikilainika zaidi sisi tunaongeza masikio. Tunapofika kwenye roki tunaiweka silaha hiyo chini, kwa kuwa tumeaminishwa kwamba roki hupiga kelele inapokasirika, na ikinyamaza basi imependa.

Nilitafuta pia kauli za mtunzi, ingawa nilizitafuta mwisho kwa makusudi, baada ya kuwa nimemaliza kusoma maandishi yenyewe. Sting, ambaye ni mwimbaji na mpiga besi wa bendi hiyo, aliuandika wimbo huu mwaka 1982 nchini Jamaica, katika nyumba ya Goldeneye ambamo Ian Fleming alikuwa ameandika riwaya zake za jasusi James Bond, katika kipindi ambacho ndoa ya kwanza ya Sting ilikuwa ikivunjika. Ameeleza zaidi ya mara moja kwamba wimbo una upande wa kutisha, kwamba alikuwa akifikiria habari za upelelezi na udhibiti, na kwamba anashangaa watu wanapouchukua kama wimbo mtamu wa wapenzi. Video yake, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, inamwonyesha akiimba bila kucheka, huku nyuma ya bendi mtu akisafisha kioo cha dirisha kubwa. Wimbo ulikaa namba moja Marekani kwa wiki nane mwaka 1983, kwa hiyo si kwamba ulikosa wasikilizaji wa kuuelewa.

Lakini kuna kauli yake nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi ya hizo zote. Amesema kwamba alipouandika, kwa haraka, baada ya kuamka usiku na mstari mmoja kichwani, hakutambua mara moja kwamba ni wa kutisha kiasi hicho. Alisikia wimbo wa kufariji. Hata mtunzi alichelewa. Hilo lilinifundisha kutomtumia mtunzi kama hakimu wa mwisho, kwa sababu yeye pia alilazimika kuurudia wimbo wake na kuusikiliza. Katika taarabu jambo hili tunalijua kwa njia nyingine, kwa kuwa mara nyingi mwenye shida, mtunga mashairi na mwimbaji ni watu watatu tofauti, na hakuna anayedhani kwamba ukimuuliza mwimbaji umemuuliza mwenye kilio. Ushahidi wa mtunzi uliunga mkono yale niliyoyakuta katika mistari. Ungeyapinga, bado nisingeifuta ile nadhiri inayovunjwa wala zile hatua zinazouma.

Nilipeleka tafsiri kwa wahusika wawili peke yao, bila kamati, kwa kuwa jambo lilikuwa lao. Bwana harusi aliisoma mara mbili. Hakukasirika, ila alisema jambo ambalo sikulitarajia: "Mjomba, nimekuelewa. Lakini kwangu mimi wimbo huu ni baba."

Baba yake alikuwa baharia, mtu wa miezi kumi melini na majuma machache nyumbani, na alifariki kijana huyu akiwa na umri wa miaka tisa. Katika vitu alivyovileta kutoka safarini kulikuwa na kaseti moja ambayo ilipigwa kila alipokuwa nyumbani, na kijana anakumbuka akiwa amepakatwa, redio iko mezani, baba akimfasiria maneno kwa sauti ya chini: nitakuwa nikikuangalia. Mtoto akaelewa hivyo hivyo kama mtoto yeyote wa Kiswahili angeelewa. Baba anaondoka, lakini baba atakuwa akimwangalia. Kwa miaka yote aliyokua bila baba, wimbo huo ulikuwa ahadi, na alitaka kuingia nayo ukumbini.

Hapo nililazimika kukubali kwamba swali langu halikuwa limekwisha. Mila yetu wenyewe inatambua haki ya msikilizaji kuuchukua wimbo na kuufanya wake. Mwanamke anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa kwenye ubeti fulani, akapita mbele ya mtu fulani na noti mkononi, anaupa ubeti ule maana ambayo mtunzi hakuijua, na ukumbi mzima unaisoma. Kijana alikuwa amefanya hivyo kwa miaka 20 na zaidi, kimyakimya, na hakuna kamusi inayoweza kumnyang'anya alichokipata. Hata hivyo kuna mpaka. Anayetunza hutegemea maneno yakibebe kitendo chake, angalau kwa kiasi. Katika wimbo huu nafasi za wahusika zimegeuzwa: kwa The Police anayeimba ndiye aliyebaki na anayeimbiwa ndiye aliyeondoka, ilhali kwa kijana anayesema ndiye aliyeondoka, na anayeambiwa ni mtoto aliyebaki mlangoni. Maana yake ilikuwa nzuri, lakini maneno hayakuibeba.

Nilimpa mfano ambao aliufahamu. Mwaka 1997, baada ya mwanamuziki The Notorious B.I.G. kuuawa mwezi Machi, rafiki yake Puff Daddy alichukua gitaa hili hili la Summers akatengeneza wimbo wa maombolezo, na mjane wa marehemu, Faith Evans, akaimba kiitikio. Waliomboleza kwa muziki ule ule bila kuudhi sikio la mtu, lakini maneno waliyabadilisha. Katika kiitikio kipya hatua zinazohesabiwa si za anayeimbiwa tena, ni za anayeimba mwenyewe: kila hatua ninayopiga mimi, nakukumbuka wewe. Badiliko la nafsi moja tu, kutoka "wewe" kwenda "mimi," liliwatosha kuitoa milki na kubakiza huzuni. Nadhani huo ni uchambuzi mzuri wa wimbo wa asili kuliko mwingi ulioandikwa, kwa kuwa umeonyesha kwa vitendo ni kitu gani kinaweza kuhamishwa na ni kipi hakiwezi. Muziki unahama. Maneno ya nafsi ya pili yanang'ang'ania mtu wake.

Bibi harusi alikuwa kimya muda wote huo, karatasi ikiwa mapajani. Alipozungumza aliuliza: "Mjomba, huyu aliyeondoka, aliondoka kwa nini?" Nikamjibu kwamba wimbo hausemi. Akaitazama tena ile sehemu ya katikati, akasema, "Basi nimemsikia anayelia. Aliyeondoka sijamsikia." Hakuongeza neno, na hakuhitaji kuongeza. Vikundi vya taarabu vilijibizana, huyu akiimba leo na yule akijibu wiki ijayo, na msikilizaji wa Tanga alijua kwamba kesi haijaisha mpaka upande wa pili umepanda jukwaani. Wimbo huu hauna upande wa pili. Tunaambiwa tabasamu lilikuwa la kuigiza, lakini aliyelitoa hajaulizwa. Mimi niliyeutafsiri mstari kwa mstari nilikuwa nimechunguza kila alichosema mwimbaji, na sikuwa nimefikiri hata mara moja juu ya ukimya wa yule mwingine, ambao mwanamke anayejiandaa kuingia katika nyumba ya mume aliusikia kwa kusoma mara moja.

Uamuzi walioufikia ulikuwa wao wenyewe. Waliingia ukumbini kwa taarabu aliyoichagua somo. Baadaye, bwana harusi alipokwenda kumsalimu mama yake kwenye kiti chake, binamu yake aliketi kando ya jukwaa na gitaa akapiga ule muziki wa Summers bila kuimba, mara mbili, taratibu. Kwa wageni wengi ulikuwa muziki wa kupisha picha. Somo hakuketi. Aliinuka, akaenda kumtunza yule mpiga gitaa, na akapita makusudi mbele ya mama wa bwana harusi.

Lilibaki ombi moja. Kijana alitaka karatasi ya kuweka pamoja na kaseti, yenye yale maneno ya baba. Nilimwambia kwamba siwezi kuandika "nitakuwa nikikuangalia" nikaiita tafsiri ya wimbo, kwa kuwa sasa najua kwamba sivyo, lakini naweza kuyaandika kama maneno ya baba yake, kwa kuwa hayo nayo yalisemwa na mtu kwa mtu, na yana ukweli wake. Tukakubaliana. Wiki moja baada ya harusi niliipeleka kwa mama yake, Chumbageni.

Alikuwa ameitoa kaseti. Imefungwa kwenye kipande cha kanga iliyochakaa, kasha lake lina ufa kwenye kona, na kwenye karatasi ya ubavuni mumewe aliandika majina ya nyimbo kwa wino wa bluu uliogeuka kahawia. Pembeni yake kulikuwa na penseli iliyotumika kuuzungusha ukanda kila ulipolegea, nayo ina alama za meno ya kaseti kwenye mbao. Mama alivaa miwani, akaisoma karatasi yangu, akatikisa kichwa.

"Hakusema hivi," aliniambia. "Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Alikuwa akimpakata mwanawe, wimbo ukifika hapo anamwambia, 'Mimi nakwenda. Mwangalie mama yako.'"

Nilimwomba kalamu.